Chura wa Fremu ya Kumi na Mbili

Dada yangu alifariki akiwa amelala kifudifudi uani kwetu, kamera mkononi, na mimi nimemshikia mwavuli.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi. Kilikuwa kiangazi, lakini kiangazi cha mwaka ule kilikuja na mvua, na mvua yenyewe haikuwa na adabu. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika saa ya chakula kama mfanyakazi wa ofisini, ikarudi alasiri na nguvu mpya. Dada hakulalamika. Mvua ndiyo iliyowatoa viumbe wake mafichoni. Alikuwa amejilaza juu ya kipande cha turubai la buluu, viwiko vimezama kwenye vifuko viwili vya mchanga, na mbele yake, hatua moja na nusu kutoka kwenye lenzi, alikaa chura tuliyemwita Mwenyekiti.

"Vuta pumzi," dada akasema. "Shikilia."

Alikuwa akimwambia chura, lakini mimi ndiye niliyetii. Nilitii kila mara. Nikajaza kifua, nikangoja mlio wa kamera na lile neno la tatu, "Pumua," ambalo aliwaambia watu kwa miaka thelathini na moja walipokuwa wamesimama mbele ya mashine yake ya eksirei. Mlio haukuja. Nikashindwa, nikapumua mwenyewe polepole nisije nikamshtua. Mwenyekiti alikuwa ametulia, uso mbele kabisa, vile dada alivyomtafuta kwa miaka mitatu. Nikajiambia anasubiri mwanga. Kisha chura akageuka, akajikokota hadi chini ya tangi la maji, akapotea.

"Dada," nikasema, "Mwenyekiti kaondoka."

Daktari alisema ni moyo, tena alisema hakusikia maumivu. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nimejaribu kukadiria mara nyingi, na kila mara napata jibu jingine. Ninachokumbuka bila shaka ni kwamba mgongo wake haukulowa hata tone.

Naandika haya kwa sababu kumbukumbu yangu imeanza kuchagua, na mimi sitaki ichague.

Dada alinizidi miaka sita. Alikuwa mpiga eksirei katika hospitali hii hii ambayo mimi ni karani wa masjala. Hakuolewa. Mimi niliolewa, nikakaa miaka tisa, nikarudi nyumbani kwa wazazi na sanduku moja, naye akanifungulia mlango bila kuuliza swali. "Chumba chako kina vumbi," alisema. "Ufagio uko palepale." Toka siku hiyo tukaishi wawili katika ile nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa nyuma, tangi la maji lililofunikwa kwa bati, na majani ambayo hakuna aliyekumbuka kuyakata.

Alipostaafu aliondoka na vitu viwili vya hospitali, kwa ruhusa. Kimoja ni vile vifuko vya mchanga ambavyo mgonjwa huwekewa ili asitikise mguu. Kingine ni kisanduku cha taa cha kutazamia filamu, ambacho hakikuwa na kazi tena tangu picha zihamie kwenye kompyuta. Kamera aliinunua mwenyewe, imeshatumika, ina mkwaruzo ubavuni. Kanuni alitoka nazo kazini. Kila kiumbe lazima apigwe mara mbili, mbele na ubavu.

"Picha moja haisemi kweli," alikuwa akisema. "Mfupa utauona mzima kwa mbele, kumbe kwa ubavu umevunjika."

Basi konokono aliyepanda komeo la geti alipigwa mbele na ubavu. Buibui wa kwenye taa ya baraza, mbele na ubavu. Kereng'ende aliyetua kwenye kamba ya nguo alimtoa jasho, maana alikuwa haketi. Kunguru wa kituo cha mabasi, yule mwizi wa mikate, alimsumbua wiki nzima kwa sababu alikubali ubavu tu, kama kichwa cha kwenye sarafu. Dada alimwendea kila siku na kipande cha mkate hadi siku moja kunguru akamtazama usoni, kwa hasira. Ndiyo picha wanayoipenda watu kuliko zote.

Kazi yangu mimi ilikuwa mwavuli. Nilisimama nyuma yake, hatua moja kushoto, nimeuinamisha ili matone yasiguse lenzi. Mtaani walituita Picha na Mwavuli, na hatukukasirika, maana ni kweli. Viumbe wenyewe sikuwaona sana. Nilichokijua vizuri ni kisogo cha dada, zile mvi mbili tatu zilizotoroka kwenye kitambaa, na soli za viatu vyake.

Sasa habari ya fremu. Mkuu wa kitengo cha eksirei ni mtu wa miaka arobaini hivi, amefundishwa kazi na dada, na hadi leo humwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyemwomba picha za kutundika kwenye korido ya kusubiria. "Watoto wanaiogopa ile mashine, Mwalimu. Tuwape cha kutazama." Muuguzi mmoja alicheka sana. "Mtoto anaogopa mashine, nyinyi mnamwonyesha buibui ukubwa wa sinia!" Lakini Mkuu alikuwa na akili. Watoto waliacha kulia, wakaanza kuhesabu miguu.

Fremu zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zikajaa. Ya mwisho, iliyo karibu na mlango wa chumba cha mashine, dada alikataa kuijaza. Alikuwa amemwekea Mwenyekiti. Alikuwa na ubavu wake, na migongo yake isiyo na idadi, ila mbele hakuwa nayo. Walimwambia aweke kipepeo tu, yaishe. Akasema kipepeo hana shida ya kupigwa picha, na asiye na shida haoni raha ya kukaa kwenye fremu.

Nilirudi kazini wiki ya tatu baada ya mazishi. Siku ya pili yake Mkuu akaja dirishani kwangu na bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta faili la nani?"

"Sitafuti faili leo." Akaiweka bahasha juu ya meza ya dirisha kama mtu anayeweka yai. "Korido inapakwa rangi. Tunaifungua tena Jumatatu ya wiki ya tatu. Ile fremu iliyobaki… tumekaa wote, tumeona tumweke Mwalimu mwenyewe."

Ndani ya bahasha ilikuwa picha ya sherehe ya kustaafu. Dada amevishwa maua shingoni, anatabasamu kama mtu anayeumwa jino, macho yameshakimbilia mlangoni. Walikuwa wameshaiandikia chini, kwa herufi nzuri, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufariki.

"Hapana," nikasema.

"Mama, ni heshima. Kitengo kizima kimekubali."

"Najua ni heshima. Lakini mtoto amekaa pale anasubiri kupigwa picha ya kifua, halafu mbele yake kuna mtu aliyekufa na tarehe zake? Hamuoni?"

Akakuna shingo. Hoja ilikuwa nzuri, lakini haikuwa sababu yangu ya kweli. Sababu ya kweli sikumwambia. Korido ile naipita mara sita kwa siku na mafaili mikononi. Fremu tupu nilikuwa nimeizoea. Ilikuwa kazi ya dada ambayo haijakwisha. Wakimtia yeye ndani na tarehe mbili, watakuwa wamemfungia humo, na mimi nitapita mara sita kwa siku kuthibitisha.

"Fremu hiyo ina mwenyewe," nikasema.

"Nani?"

"Chura."

Mkuu akanitazama kwa upole, ule upole wa kutazamwa ukiwa umefiwa. "Picha yake ipo?"

"Itakuwepo."

"Mama, samahani. Wewe umewahi kupiga picha?"

"Kazi nimeiona miaka minne."

"Ya mwavuli."

"Ya mwavuli, ndiyo."

Nyuma yake foleni ilianza kukohoa. Akarudisha picha kwenye bahasha. "Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Saa kumi jioni. Fundi wa vioo anakuja Jumamosi. Ukiniletea chura, naweka chura. Usiponiletea, namweka Mwalimu, na wewe usininunie."

"Sikununii."

"Unaninunia sasa hivi."

Jioni ile nilitoa kamera kabatini. Ilikuwa na betri kamili. Dada alikuwa haachi betri ilale na njaa. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyo na haraka. Nikatandika turubai mahali pake, nikaweka vifuko vya mchanga, nikafungua mwavuli, nikangoja. Siku ya kwanza Mwenyekiti alitoka baada ya dakika ishirini, na mimi nikapiga picha saba nzuri za kifuniko cha lenzi.

Siku ya pili nilikumbuka kukitoa. Mwenyekiti akaja, akakaa mbele ya turubai kama kawaida yake, mnene, kidevu juu, kama anayesubiri kikao kianze. Nikampiga. Nikampiga tena. Mwavuli mkono wa kushoto, kamera wa kulia. Nikajua nimepata angalau moja. Nikaingia ndani nikiwa nimelowa hadi mifupa, nikaketi kitandani kutazama kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera.

Zote zilikuwa migongo. Picha ishirini na mbili za chura kutoka juu, kama zimepigwa na ndege. Na katika kila picha, upande wa chini, turubai la buluu lilionekana. Nyasi zilikuwa zimelowa, mchanga umelowa, chura analowa. Turubai lilikuwa kavu.

Nilikaa na zile picha muda mrefu kabla sijaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimesimama mahali pangu. Nyuma, hatua moja kushoto. Mwavuli nilikuwa nimeuinamisha mbele, juu ya mahali anapolala dada. Mimi nililowa, kamera yake ikalowa, na nilikuwa nimekinga mvua isiliguse turubai lisilo na mtu.

Kamera ilikaa siku tatu kwenye ndoo ya mchele. Nilikula mkate siku hizo, kwa sababu mchele mwingine sikuwa nao.

Jirani yetu wa ng'ambo ya uzio ni dereva wa mabasi mstaafu, na mtaani huitwa Dereva tu, hata na wajukuu zake. Yeye huniita shemeji, kwa sababu kwa miaka kumi na tano alikuwa akitangaza kwamba atamwoa dada yangu akipata likizo. Dada alikuwa akimjibu, "Umeshastaafu, likizo gani tena?" naye husema, "Ndiyo maana sipati." Mkewe, alipokuwa hai, ndiye aliyecheka kuliko wote. Dereva alikuwa adui mkubwa wa Mwenyekiti kwa sababu ya makelele, na alikuwa ameshaleta malalamiko rasmi mara mbili, kwa mdomo, juu ya uzio.

Asubuhi ya Jumapili aliniona nikiitoa kamera kwenye mchele.

"Shemeji, unaipika na nazi au mafuta?"

"Ililowa."

"Nilikuona juzi. Nikasema, huyu mama anamwagilia nini pale, mwavuli huku yeye kule?" Akaona uso wangu. "Niite nikushikie. Mimi sina kazi. Kazi yangu ni kukaa na kutazama magari ya wenzangu yakikosea kona."

"Asante. Nitajaribu mwenyewe."

"Mtu mmoja haendeshi gari na kukata tiketi."

"Kuna kazi haziazimwi, Dereva."

"Haya," akasema, bila kinyongo. "Ukikwama, piga honi."

Nilidhani nitapata njia. Nilijifunga mwavuli mgongoni kwa mkanda, nikaonekana kama uyoga, na upepo wa kwanza ukanigeuza. Niliufunga kwenye kiti, kiti kikaanguka. Na kusema kweli, tatizo halikuwa mwavuli peke yake. Ili uone uso wa chura lazima ulale. Nilikuwa sijalala pale. Nilikuwa nikiinama, nikichuchumaa, nikipiga goti moja, na kila mara nikifika karibu na turubai, magoti yananiuma ghafla na nasimama.

Kisha Jumatatu jua likatoka.

Mji mzima ulifurahi. Watu walianika magodoro kwenye kuta. Masjala ilijaa mwanga, na karani wa dirisha la kwanza alivaa viatu vya wazi akaimba asubuhi yote. Mimi nilitazama mbingu nikitafuta wingu. Jumanne, jua. Jumatano, jua. Majani ya uani yakaanza kujikunja na Mwenyekiti hakutoka. Nilimulika chini ya tangi kwa tochi, kati ya matofali, nikaona kitu cheusi kimejibana kwenye ufa kama jiwe jingine. Alhamisi redio ikasema mvua haitarajiwi hadi wiki ijayo. Mji mzima unaombea jua, na likija mimi nasononeka. Nilijiona mtu mzima ovyo.

Mkuu alinipita kwenye korido akakwepa macho yangu. Ukuta ulikuwa na rangi mpya ya samli. Fremu zilikuwa zimeegemezwa chini, kumi na moja zimefunikwa gazeti, moja tupu.

Ijumaa niliomba ruhusa saa sita mchana. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwenye uzio.

"Dereva!"

"Naam!"

"Nimekwama."

Alikuja bila kuuliza, amevaa fulana na kofia yake ya kazi ya zamani. Nikamweleza: saa kumi, chura, jua. Akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, kama mtu anayetazama injini ya basi la mwenzake.

"Huyu bwana mimi namjua kuliko nyinyi," akasema mwishowe. "Nyinyi mmemtazama. Mimi ananikosesha usingizi. Hatoki kwa kuona mvua, shemeji. Huko chini ataona nini? Anatoka akisikia bati."

Akarudi kwao, akaja na kopo la kumwagilia maua, lile lenye mdomo wa matundu, na kigoda. Akapanda kigoda, kopo mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine.

"Mwavuli wa nini, na jua lote hili?" nikauliza.

"Wewe umewahi kuona mvua yenye jua kali hivi usoni? Mfanyie kivuli, aamini. Na hiyo kamera yako imeshapikwa mara moja."

Akaanza kumwaga. Maji yakapiga bati la tangi, pa-pa-pa, yakatiririka ukingoni. Ilisikika kama mvua kabisa. Watu wawili waliokuwa wakipita njiani wakasimama kutuchungulia getini.

"Mzee, kulikoni?" mmoja akauliza.

"Tunanyesha!" Dereva akajibu. "Kama una nguo kwenye kamba, kaanue!"

Kopo la kwanza likaisha. Hakuna kitu. Nikalijaza tena bombani. La pili likaisha. Mkono wa Dereva ulianza kushuka, na mwavuli ukashuka nao.

"Abiria wetu amechelewa," akasema. "Lala chini basi, shemeji. Akija akukute kituoni."

Nilitazama turubai. Nilikuwa nimelitandika kwa mazoea, mahali palepale. Dereva naye alilitazama, kisha akatazama pembeni, akajifanya anakagua matundu ya kopo. Nikajaza kopo la tatu, nikampa. Kisha nikavua viatu, nikapiga magoti, nikalala.

Turubai lilikuwa la moto kwa jua. Viwiko vyangu viliingia kwenye vifuko vya mchanga na kukuta mashimo yameshachimbika, mapana kuliko ya mikono yangu. Bati likaanza tena kulia juu yangu. Kutoka pale chini ua haukuwa ua ninaoujua. Majani yalikuwa marefu kama watu waliosimama, na kati yake kulikuwa na njia, njia halisi, iliyokanyagwa, inayotoka chini ya tangi hadi mbele ya uso wangu. Miaka minne nimesimama juu ya njia ile na mwavuli, na sikuijua.

Mwenyekiti akatoka. Alikuja kwa njia yake, polepole, anasimama, anatembea, na kila hatua akizidi kuwa mkubwa, hadi alipojaza kioo. Akakaa. Uso mbele. Macho yake yana mzunguko wa rangi ya shaba, sikuwahi kujua. Mdomo umenyooka kama mstari wa rula. Koo lake lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na hakuna aliyemwambia ashikilie.

"Ile ya vuta pumzi," Dereva akanong'ona kutoka juu ya kigoda, "mbona huisemi?"

"Siisemi."

"Maana mimi nimeshabana."

"Pumua, Dereva."

Akapumua kama breki ya basi. Chura akapepesa macho, akabaki. Nikabonyeza mara kumi na tisa, hadi maji ya kopo yakaisha na bati likanyamaza. Mwenyekiti akangoja kidogo, labda akaona amedanganywa, akageuka na kutuonyesha mgongo.

Nilibaki pale chini. Dereva hakunihimiza. Aliendelea kushika mwavuli, na watu wa getini walipoanza kucheka akawaambia waende zao, hili ni jambo la ofisi. Nililia kidogo, si sana. Niliponyanyuka alinipa mkono, akasema magoti yangu yanahitaji kubadilishiwa oili.

Saa kumi kasoro dakika kumi nilikuwa ofisini kwa Mkuu. Aliichomeka kadi ya kamera kwenye ile kompyuta kubwa ya kusomea eksirei, akapunguza taa, akapitisha picha moja moja. Kumi na sita zilikuwa za hovyo. Mbili zilikuwa nzuri kidogo. Kwenye moja alisimama. Akaisogelea, akaikuza, mkono kidevuni, kama anayesoma kifua cha mgonjwa.

"Jicho la kushoto limetoka kali kabisa," akasema. "La kulia limecheza. Na hapa chini kuna ukungu."

"Naona."

"Mwalimu angeirudia."

"Angeirudia."

"Turudie? Naweza kumwomba fundi wa vioo aje Jumanne."

Nikafikiri. Dada kweli angeirudia. Angelala pale hadi Septemba. Lakini huyu hakuwa chura wa dada. Chura wa dada aliondoka siku ile bila kupigwa, na huyo harudi tena. "Hapana," nikasema. "Iwe hiyo. Ila kuna jambo lazima ulijue. Hiyo si mvua."

"Ni nini?"

"Ni kopo. Dereva alikuwa juu ya kigoda."

Alinitazama, akaitazama picha, matone yote yale yanayong'aa, na bega la chura lililolowa. Kisha akacheka. Alicheka hadi akatoa miwani na kufuta macho, na nikagundua kwamba tangu siku ya mazishi nilikuwa sijamsikia akicheka.

"Mama," akasema, "korido nzima ni wanyama wa kweli wa mvua ya kweli, halafu mwenyekiti ndiye wa kughushi?"

"Ndiyo kawaida ya wenyeviti, mwanangu."

Akafungua droo, akatoa ile bahasha, akanisogezea juu ya meza. Nilirudi nayo masjala. Nikalitafuta faili la utumishi la dada katika rafu ya wastaafu, nikaitoboa ile picha pembeni kwa mashine, nikaifunga ndani, nyuma ya barua yake ya kwanza ya ajira. Mle tarehe zina mahali pake.

Korido ilifunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mwenyekiti ametundikwa kati ya mlango wa chumba cha mashine na swichi ya taa, chini kidogo kuliko wengine kwa sababu ya swichi, na watoto wanamfikia. Wanamgusa mdomo. Kila Ijumaa jioni mfagizi hukifuta kioo kwa gazeti lenye maji, na ikifika Jumatatu saa nne kimeshajaa alama za vidole.